Kadi ya mchoraji: Umoja wa Wasanii na Akademia ya Urusi vilikuwa na kazi gani?

Swali: "Kwenye meza ya vitabu vya mitumba nimepata kitabu cha picha za wachoraji wa Urusi kilichochapwa Leningrad enzi za USSR. Nyuma kuna wasifu wa kila mchoraji, na karibu zote zinafanana: alihitimu Taasisi ya Repin mwaka fulani, mwanachama wa Umoja wa Wasanii tangu mwaka fulani, mwanachama mshiriki wa Akademia ya Sanaa. Nina maswali matatu. Umoja huo ni chama cha wafanyakazi kama vyetu? Akademia si ndiyo shule, sasa mtu mzima mwenye mvi anakuwaje mwanachama wa shule? Na marehemu baba alizoea kusimulia kwamba Moscow waliwahi kusaga picha kwa tingatinga. Ni kweli, au maneno ya barazani?" — Msomaji, Tanga

Jibu:

Ndugu yangu wa Tanga, hilo la tingatinga nitaliweka mwisho, maana ukilisikia kabla ya mengine utadhani ni kisa cha polisi wakorofi tu.

Umoja wa Wasanii wa USSR haukuwa chama cha wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi humsimamia mtu mwenye ajira mbele ya mwajiri wake: mshahara, likizo, kiinua mgongo. Mwanachama wa Umoja aliweza kukaa maisha yake yote bila mwajiri, na kadi ile ya uanachama ndiyo iliyompa ruhusa hiyo. Kisha Umoja huohuo ukamwekea karibu kila kitu anachohitaji mchoraji ili mkono wake usilale.

Tuseme wewe ni mchoraji wa mji wa mkoani kama Ryazan, mwaka 1965. Unataka rangi nzuri za mafuta na turubai la kitani. Hivyo viko kwenye duka la Mfuko wa Sanaa, chombo kilichoanzishwa 1940 kuhudumia wasanii, na wenye kadi ndio wanaohudumiwa kwanza. Unataka pa kufanyia kazi, kwa kuwa nyumbani mnagawana jiko na majirani: karakana hugawiwa kupitia tawi la Umoja. Unataka kula. Viwanda, mashamba ya pamoja, shule na vituo vya reli huagiza picha na sanamu kupitia karakana kubwa za Mfuko, na kazi inagawiwa wanachama kwa mkataba. Ukimaliza, inapita mbele ya baraza la sanaa, yaani wachoraji wenzako waliopewa mamlaka ya kuipokea, kuipangia daraja la malipo, au kukurudisha nyumbani ukarekebishe shavu la Lenin. Ukichoka, kuna nyumba za wasanii ambako unakwenda kukaa wiki kadhaa, chakula na kitanda juu ya Umoja, unachora mito na misitu. Maarufu kuliko zote ni ile iliyo karibu na Vyshny Volochyok, inayoitwa Dacha ya Akademia. Ilifunguliwa 1884 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, na wachoraji mashuhuri Repin na Levitan waliwahi kufanya kazi huko. Nusu ya mandhari za kijijini utakazoona kwenye kitabu chako, sitashangaa zikiwa zilichorwa kwenye nyumba za namna hiyo.

Na asiye na kadi? Kuanzia 1961 kulikuwa na sheria kali dhidi ya waliohesabiwa kuwa wavivu wanaoishi kwa jasho la wengine. Mtu mzima asiye na ajira wala chama kinachomtambua angeweza kuitwa na polisi aeleze anakula nini. Mwaka 1964 mshairi Iosif Brodsky alihukumiwa miaka 5 ya kuhamishwa kwa kosa hilo. Alikuwa akiandika mashairi kila siku, lakini mahakama haikuiona hiyo kuwa kazi, kwa kuwa hakuna umoja wowote uliokuwa umemsajili. Kwa hiyo unaposoma "mwanachama tangu 1957", usisome kama nishani ya kipaji. Soma hivi: tangu mwaka huo mtu huyu alikuwa na mahali pa kuchorea, alikuwa na rangi, na hakuna askari wa mtaa aliyembishia hodi kumuuliza anaishi kwa nini.

Sasa twende kwenye Akademia, na hapa lazima turudi nyuma miaka mia mbili, kwa sababu Umoja haukuota kama uyoga.

Akademia ya Sanaa ilianzishwa St. Petersburg, mji uleule ulioitwa Leningrad enzi za USSR, mwaka 1757, wakati wa Malkia Elizaveta, kwa ushawishi wa Ivan Shuvalov, mheshimiwa wa ikulu aliyekuwa pia nyuma ya Chuo Kikuu cha Moscow. Ekaterina wa Pili akaipa katiba yake 1764, na likajengwa jumba kubwa ukingoni mwa mto Neva. Mbele yake leo wamelala sfinksi wawili, sanamu za simba wenye kichwa cha mtu, waliochongwa Misri zama za Farao Amenhotep wa Tatu, wakaletwa huko kwenye baridi miaka ya 1830. Kwa watoto, hapo palikuwa shule ya bweni: katiba ya 1764 ilitaka wavulana wa miaka mitano au sita, wakakulie humo mpaka ujana. Lakini jumba hilohilo lilikuwa pia baraza la wakubwa wa fani, waliopima kazi za wengine na kuwapa vyeo. Hicho ndicho kinachokutatiza: jina moja, kazi mbili. Mzee wako mwenye mvi hakujiandikisha darasani, alikaribishwa barazani.

Na vyeo hivyo havikuwa mapambo. Urusi ya wakati ule kila mtu alikuwa na tabaka lake kisheria, na wakulima wengi walikuwa watwana, mali ya kabaila. Aliyehitimu Akademia alipata hadhi ya mtu huru, yeye na uzao wake, bila kulipa kodi ya kichwa wala kuchukuliwa jeshini kama wakulima. Pima mwenyewe uzito wa karatasi hiyo. Taras Shevchenko, anayejulikana zaidi kama mshairi wa Ukraine, alizaliwa mtwana. Alikuwa na mkono wa kuchora, lakini mtwana hakuruhusiwa kuwa mwanafunzi wa Akademia. Mwaka 1838 profesa Karl Bryullov akamchora mshairi Zhukovsky, mwalimu wa mrithi wa ufalme, picha ikachezewa bahati nasibu ikulu, na fedha iliyopatikana, rubo 2,500, ikamnunua Shevchenko kutoka kwa bwana wake. Bila kupoteza muda akaingia Akademia, mwanafunzi wa Bryullov. Uhuru wake ulikuwa na bei ya turubai moja.

Masomo yalikwenda ngazi kwa ngazi. Unanakili michoro ya wengine, kisha unachora vichwa vya plasta, kisha miili ya plasta, ndipo unaruhusiwa kumchora mtu aliye hai. Juu ya ngazi kulikuwa na nishani kubwa ya dhahabu, na aliyeipata alilipiwa na dola miaka kadhaa Ulaya, hasa Italia. Bryullov alichora huko mji wa Pompeii ukiangamia kwa volkeno. Aleksandr Ivanov alikwenda Italia akabaki miongo miwili na zaidi akihangaika na picha moja ya Kristo akiwatokea watu. Kuna wanaomcheka. Mimi nikiitazama ile picha na mamia ya michoro ya maandalizi yake, simcheki.

Tatizo likawa mada. Waliotaka nishani walipewa kisa kimoja cha kuchora, mara nyingi cha Biblia au cha Wagiriki na Warumi. Mwaka 1863, miaka miwili tu baada ya watwana kuachiwa huru na nchi nzima ikizungumza habari hiyo, baraza likawatolea washindani wa historia mada ya karamu ya miungu wa Skandinavia huko Valhalla. Vijana waliomba wachague wenyewe wanachokijua. Baraza likakataa. Tarehe 9 Novemba waliingia ukumbini mmoja baada ya mwingine na kueleza kwamba wanajitoa kwenye shindano. Walikuwa 14, wachoraji 13 na mchongaji mmoja, na kiongozi wao aliitwa Ivan Kramskoi, kijana wa familia ya hali ya chini aliyekuwa akijipatia riziki kwa kurekebisha picha za studio za kamera. Waliacha nishani, safari ya Ulaya na karakana. Polisi wa siri wakaanza kuwafuatilia.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote katika historia hii. Walipanga nyumba moja kubwa kwenye kisiwa cha Vasilievsky, wakaishi pamoja na wake zao, chungu kimoja, na kazi zikaingia kwa jina la wote: picha za watu, sanamu takatifu za makanisa, chochote. Kila mmoja akakata sehemu ya mapato yake kwa mfuko wa pamoja. Waliuita arteli, neno walilotumia maseremala na wavuvi wa Urusi kwa kundi linalofanya kazi na kugawana. Alhamisi jioni milango ilikuwa wazi, watu wanachora, mmoja anasoma kwa sauti. Ukiwajua wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam walivyojikusanya katika ushirika baada ya Edward Saidi Tingatinga kufariki 1972, unayo picha ya karibu, ingawa wale wa kwetu hawakuwa wamegombana na chuo chochote.

Arteli haikufa kwa njaa. Ilikufa pale mwenzao mmoja alipokwenda kimyakimya kuiomba Akademia ileile impeleke nje kwa gharama ya dola. Kramskoi aliuliza wenzake kama hilo ni halali kwa mtu wa arteli. Wenzake wakasitasita, naye akajitoa mwaka 1870.

Mwaka huohuo akawa miongoni mwa waanzilishi wa jambo kubwa zaidi, Ushirika wa Maonyesho ya Kusafiri. Wazo la mwanzo lilitoka kwa Grigory Myasoyedov. Pamoja nao walikuwemo Nikolai Ge wa Petersburg na Vasily Perov wa Moscow. Badala ya kungoja tajiri wa mji mkuu aje, picha zinafungwa kwenye masanduku, zinapakiwa kwenye treni na kuzungushwa mikoani. Watu wa Kiev na Kharkov wanalipa kiingilio, na mapato yanagawanywa kwa walioonyesha. Maonyesho ya kwanza yalifunguliwa Petersburg mwishoni mwa Novemba 1871, tena ndani ya jumba la Akademia yenyewe. Humo ndimo watu walipoona kunguru wa Aleksei Savrasov wakirejea majira ya machipuko, juu ya miti mikavu na theluji chafu. Mfanyabiashara Pavel Tretyakov alinunua kazi zao mwaka baada ya mwaka, na 1892 akaukabidhi mji wa Moscow mkusanyiko wote. Ndiyo asili ya jumba la Tretyakov. Ushirika uliendelea kutembeza maonyesho hadi 1923.

Waasi waliishia wapi? Wengi barazani. Akademia ilipata katiba mpya 1893, na Repin, Shishkin, Kuindzhi na Vladimir Makovsky, wote waliowahi kuwa wa Ushirika, wakaitwa kuwa maprofesa, kila mmoja na karakana yake na wanafunzi wake. Kuindzhi hakudumu; 1897 aliondolewa kwa kusimama na wanafunzi waliogoma. Mtindo wa kumchagua bwana wa karakana ukabaki, na Petersburg bado uko. Moscow nako kulikuwa na chuo kingine cha uchoraji, chenye roho nyepesi kidogo, ndiko alikofundisha Savrasov na kusoma Isaak Levitan. Ya miaka ya 1900, kundi la Ulimwengu wa Sanaa na mengine ya vijana, nitayapita. Hayo yanataka swali lake.

Mapinduzi yalipokuja, Akademia ilifutwa kwa amri ya serikali Aprili 1918. Mahali pake zikawekwa karakana huru, unajiandikisha bila mtihani na kumchagua mwalimu kwa kura. Moscow ikapata mwaka 1920 chuo kilichoitwa VKhUTEMAS, walikofundisha wasanii wa mitindo mipya kama Rodchenko na Popova, kikafungwa 1930. Wakati huo vikundi vilijaa kama vyama vya kufa na kuzikana, kila kimoja na tamko lake. Kikubwa kilikuwa Chama cha Wasanii wa Urusi ya Mapinduzi, cha 1922, kilichochora wanajeshi na wafanyakazi kwa namna inayoeleweka na kila mtu, na Jeshi Jekundu likawa mteja wake mkubwa.

Tarehe 23 Aprili 1932 Kamati Kuu ya chama tawala ikapitisha azimio: vikundi vyote vya fasihi na sanaa vivunjwe, kila fani iwe na umoja mmoja. Hapo ndipo ulipozaliwa Umoja wa kitabu chako, kwanza kwa matawi, Moscow na Leningrad. Usidhani wote walilia. Wachoraji wengi walipumua, kwa sababu kundi moja lililojiita la wasanii wa kiproletari, yaani wa tabaka la wafanyakazi, lilikuwa likiwaandama wenzao kwa matusi ya kisiasa. Walifurahi kuona mbwa anafungwa. Hawakuuliza mnyororo umebaki mkononi mwa nani.

Akademia nayo ikarudishwa kwa mlango wa nyuma. Kule Leningrad mwaka 1934 aliwekwa mkuu Isaak Brodsky, mwanafunzi wa Repin na mchoraji wa Lenin (hana uhusiano na mshairi niliyemtaja), akarejesha vichwa vya plasta, mtu hai, karakana za mabwana. Shule hiyo ikapewa jina la Repin 1944. Ndiyo taasisi unayoisoma kwenye wasifu. Baraza la wakubwa likaundwa upya 1947 kama Akademia ya Sanaa ya USSR, rais wake wa kwanza Aleksandr Gerasimov, mchoraji wa Stalin. Mwanachama mshiriki ni ngazi ya chini ya baraza hilo, mwanachama kamili ndiye akademiki, na wote walipata posho ya kila mwezi. Umoja uliokuwa na maelfu ya watu ulingoja mpaka 1957 kufanya mkutano wake mkuu wa kwanza wa nchi nzima. Baraza la wateule lilitangulia kwa miaka 10, na hilo linakuonyesha nani aliaminiwa.

Makao ya baraza yakawekwa Moscow, mtaa wa Prechistenka namba 21, na ndiko yaliko hadi leo. Nyumba hiyo ilikuwa ya Ivan Morozov, tajiri wa viwanda vya nguo aliyenunua picha za Wafaransa Cézanne na Matisse kabla ya Paris kuwazoea. Baada ya mapinduzi ikawa jumba la makumbusho la sanaa mpya ya Magharibi. Mwaka 1948 makumbusho yakafungwa, picha zikagawanywa kati ya Moscow na Leningrad zikawekwa stoo, na nyumba wakapewa Akademia. Ukitaka kujua vita vya sanaa vilimalizikaje, angalia nani alihamia kwa nani.

Kadi haikumwokoa kila mtu. Pavel Filonov wa Leningrad alikuwa amekubaliwa tawini, lakini maonyesho yake makubwa yaliyoandaliwa 1929 hayakufunguliwa kamwe, na yeye hakutaka kuuza picha zake, alitaka ziende makumbusho zikiwa pamoja. Alifariki kwa njaa Desemba 1941, mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani.

Kadi pia haikuwa muhuri wa utiifu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ilya Kabakov, ambaye kazi zake za siri zilikuja kuwa maarufu duniani, alikuwa mwanachama halali kwa upande wa michoro ya vitabu vya watoto. Mchana sungura na vibonzo, usiku mambo yake. Kwa hiyo kwenye kitabu chako tazama pia sehemu aliyosajiliwa mtu: uchoraji, michoro ya vitabu, mapambo, sanamu. Sehemu ya uchoraji ilichungwa kuliko zote.

Sasa tingatinga. Baba yako alisema kweli, na si lile la Edward Saidi, ni lile la kusukuma udongo.

Tarehe 1 Desemba 1962 Khrushchev, kiongozi wa USSR, alikwenda ukumbi wa Manege, Moscow, kuona maonyesho ya miaka 30 ya tawi la Umoja la mji huo. Ghorofani walikuwa wameletwa vijana wenye picha zisizo za kawaida. Akawafokea kwa matusi. Mchongaji Ernst Neizvestny alimjibu usoni. Na ajabu ya dunia, Khrushchev alipofariki familia yake ilimwomba huyohuyo achonge jiwe la kaburi, la vipande vyeusi na vyeupe, lililopo makaburi ya Novodevichy. Baada ya siku hiyo kumbi zilifungwa kwa wasiotakiwa, wakawa wanaonyeshana majumbani.

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1974, kundi dogo likiongozwa na Oskar Rabin lilibeba picha hadi kiwanja kitupu huko Belyaevo, pembezoni mwa Moscow. Hawakutaka ukumbi wa mtu. Walizishika picha mikononi au kuziegesha juu ya vibanio vya mbao. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wakatokea wanaume waliojiita wafanyakazi wa kujitolea waliokuja kupanda miti, na pamoja nao malori, magari ya kumwagia maji barabarani, na matingatinga. Picha zikakanyagwa, nyingine zikatupwa kwenye malori. Rabin alidandia bamba la mbele la tingatinga, likamburuza. Waandishi wa habari wa kigeni walipigwa, na kwa sababu hiyo dunia ilisoma habari hiyo kesho yake. Aibu ikawa kubwa kiasi kwamba tarehe 29 Septemba watu walewale waliruhusiwa kuonyesha kazi zao saa nne kwenye bustani ya Izmailovo, na maelfu wakaja.

Na mwisho wa kisa hicho unajibu pia swali lako la kwanza. Serikali iliona bora watu hao wawe na mahali panapojulikana. Moscow palikuwa na kamati ya mji ya wachora vitabu, kwa wale waliofanya kazi za mashirika ya uchapishaji bila kuwa ndani ya Umoja. Ikafunguliwa humo sehemu ya wachoraji, na kuanzia 1976 wakapata ukumbi wa chini ya ghorofa mtaa wa Malaya Gruzinskaya namba 28, foleni ikizunguka jengo. Kadi ya kamati ilimtosha mtu kumwonyesha askari anayeuliza unaishi kwa nini. Kamati hiyo, ndugu yangu, ndiyo iliyokuwa kweli chama cha wafanyakazi.